Kwenye Kifua cha Mama Mkwe

Magharibi ilikuwa inaingia nilipowasha pikipiki Homa Bay kumpelekea mke wangu, Caren, chaja. Si ya simu. Ya moyo.

Caren aliwekwa chipu kifuani, ndogo kama punje ya mchele, ndiyo inayoushtua moyo wake usisimame. Kila jioni unaweka chaja juu ya ngozi, umeme unapenya nyama bila waya, na simu inakuonyesha mapigo. Usipochaji, kesho haamki.

Badala ya kutulia nyumbani akakimbilia Kendu Bay kwa mamake, Filister, mganga wa kufyonza. Mnawajua hawa. Ukiumwa tumbo anakwambia umetazamwa na jicho baya, anabandika mdomo kwenye ngozi yako, anafyonza, kisha anatema kinyama alichokificha shavuni tangu asubuhi. Na watu wazima, wengine wana digrii, wanashukuru! Upuuzi mtupu. Nilishamwambia Caren mamake ni tapeli, tena kwa sauti.

Nilikuta nyumba haina taa. Ilinuka majani mabichi na damu.

Fyo... fyo... fyo...

Kisha kimya.

Kwetu Wajaluo mkwe hamgusi mama mkwe, hata mkono hampi. Nilibaki nje nikamwita Caren kwa hasira. Akatoka anatabasamu, akasema mama ameitoa.

Nilicheka. Nikafungua kifungo cha blauzi yake: ngozi nzima, hata mkwaruzo hakuna. Nikaweka chaja palepale ili nimwaibishe yule bibi.

Simu haikuonyesha kitu.

Nikasogeza juu. Nikasogeza chini. Hakuna. Nikaipangusa chaja kwa shati nikajaribu tena, maana nampenda mke wangu.

Filister akatoka, akasimama karibu nami kuliko mila inavyoruhusu. Simu ikawaka.

Mapigo, na chaji imebaki asilimia moja.

Nilishika mkono wa Caren. Mshipa wake ulikuwa unapiga sawasawa na simu... iliyokuwa inasoma kifua cha mamake.

Nikaruka nyuma na chaja yangu. Caren akaanguka.

"Rudisha, mkwe," Filister alinong'ona, akijifungua khanga. "Weka hapa."

Niliweka. Caren akavuta pumzi.

Kesho yake daktari alipiga picha kifua cha Caren, akaniuliza ni nani aliyetoa chipu bila kukata. Nilimjibu sijui, na sijui kweli. Tumejaribu kila njia. Caren akishika chaja, simu haiwaki. Filister akiishika mwenyewe, haiwaki. Inataka mkono wangu, mimi mwenye mdomo.

Kwa hivyo kila jioni naenda Kendu Bay. Natazama ukuta, nabandika kiganja kwenye ngozi ya mama mkwe, na ngozi hiyo ni baridi. Bado namdharau, na yeye anajua, anacheka kimyakimya. Halafu nikitoka namwombea maisha marefu.

Maana ni mzee, na wiki hii ameanza kukohoa. Kila akikohoa, sahani zinamponyoka Caren jikoni kwetu Homa Bay.