Nafasi ya Mtu Mmoja

Mchana ule haukuwa na neno. Nguo zilikuwa zimeanikwa uani, shule zilikuwa zimefungwa, baba mtu alikuwa kwenye karakana yake ya kutengeneza friji, na mama mtu amekaa sebuleni na kompyuta mapajani, anahangaika na kazi ya watu. Kazini walimwita Waya, kwa sababu kila kilichokataa kuungana na kingine walimletea yeye. Jina likamganda, hata mumewe akawa anamwita hivyo akiwa na furaha zake.

Kazi yenyewe ukimwacha aieleze mwenyewe utasinzia, kwa hiyo tuiseme hivi. Duka la samani lilitaka mteja ainue simu nyumbani kwake aone kochi limesimama mahali ambapo hakuna kochi, alizunguke, alipime na ukuta. Na wakati huohuo dada yake aliye mji mwingine, na muuzaji aliye dukani, walione kochi hilohilo, mahali palepale, wakiongea utadhani wako chumba kimoja. Sasa simu hazipatani hivihivi. Hii kamera yake nzuri, ile imechoka. Hii ina mtandao, ile mtandao unakuja na kuondoka. Lazima pawe na programu ya kati, isiyoonekana na mtu, ya kuzisikiliza zote na kuzipatanisha, na hiyo ndiyo aliyoiandika Waya. Sheria yake ilikuwa nyepesi: kinachoonwa na simu nyingi ndicho kilichopo, na simu itakayopotea mtandaoni, ikirudi, simu nyingine zinaifundisha ilichokikosa. Hapo alijivunia kweli. Alipenda kusema simu zake hazisahau, maana zinakumbushana.

Shida ilikuwa Kishindo.

Kishindo ni binti yake wa pekee, mtoto wa darasa la pili, na jina hilo alilipata kwa miguu yake. Mtoto hakujua kutembea. Alikimbia hata akienda kunywa maji. Kila Waya alipoliweka kochi katikati ya sebule na kuwafungulia wenzake waliangalie, Kishindo huyo, anapita, na kochi linatetemeka, linakatika vipande, linakimbilia dirishani. Bosi akapiga simu kuuliza huko nyumbani kuna nini, akaongeza kwamba wateja wanaangalia kesho, na safari hii likiharibika asije akamtegemea yeye kumtetea. Waya akampeleka mtoto chumbani, mtoto akatoka. Akampeleka uani, akarudi, ati ana kiu. Mwanamke wa watu akachoka.

Ndipo alipofanya alichofanya, na wala hakukifikiria sana. Alimwelekezea binti yake kamera, akamwambia ageuke mbele na nyuma, atembee kidogo, kisha akaiagiza programu: mtu huyu, popote atakapotokea, mfute, na pale alipo chora kilicho nyuma yake. Aliandika harakaharaka, akatenga nafasi ya mtu mmoja tu, kwa kuwa aliyekuwa anamsumbua ni mtu mmoja. Wateja wakishaondoka angeiondoa.

Akainua simu. Kochi limetulia tuli. Kishindo alikuwa anaruka mbele yake, na kwenye kioo cha simu sebule ilikuwa tupu, imepangwa vizuri, sebule ya watu wasio na mtoto.

Alimrekodi, akamwonyesha. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini, akataka arudie, na arudie tena. Halafu akasogea karibu na sikio la mama yake.

"Mama, huko ulikonificha kuna nani mwingine?"

Waya alikuwa anahesabu makosa yaliyobaki kwenye programu. Akasema "mm", akaendelea na kazi.

Wateja walikuja, wakaona, wakapiga makofi. Bosi akamsifu mbele za watu, jambo ambalo si kawaida yake. Duka likaigawa programu bure, na haukupita muda kila mwenye simu alikuwa nayo: mume wake, jirani, muuza duka wa pembeni, hata mwalimu wa Kishindo, maana shule nayo iliichukua ya kuwaonyeshea watoto moyo wa binadamu ukidunda juu ya dawati. Ilikaa humo kwenye simu chini kwa chini, haizimiki, inaangalia tu. Na Waya, kwa zile pongezi na usingizi aliokuwa anaudai, akasahau kumwondoa mwanawe.

Alikuja kukumbuka siku wifi yake alipowatembelea akawapiga picha kibarazani. Kwenye picha mumewe amekaa kwenye ngazi, ametabasamu, mkono wake ameutandaza hewani, vidole vimekunjwa kwenye bega ambalo halipo. Nyuma yake ngazi ilikuwa imechorwa kamili, mpaka ufa wake. Wote walicheka. Waya naye alicheka, kwa sababu alijua ni nini, na jioni ileile akafungua kompyuta akafuta agizo lake. Akamwelekezea mtoto simu, akamwona. Akashusha pumzi. Kabla hajaiweka mezani, mtoto kwenye kioo akaanza kufifia, akawa mwembamba, akaisha. Simu nyingine zilikuwa zimeshaikumbusha yake.

Akatuma agizo kwa simu zote kwa mkupuo. Zikatii. Lakini zilizokuwa zimezimwa zikawashwa, zikakuta nyingine hazina habari, zikazifundisha upya. Alifuta, zikarudisha. Alifuta tena, zikarudisha upesi zaidi. Alichojivunia ndicho kilichomshinda. Akajituliza kwamba hata hivyo ni picha tu, na picha haimuumi mtu.

Shule zikafunguliwa. Siku moja akaenda kumchukua mtoto, watoto wote wakatoka, Kishindo hakutoka. Mwalimu alikuwa ameshafunga darasa kwa kufuli, anaweka funguo kwenye mkoba. Waya akamuuliza binti yake yuko wapi. Mwalimu akamwangalia kwa upole, kama mtu anayetafuta jina lililompotea. Kutoka ndani ya darasa lile lililofungwa ikasikika miguu midogo, inakimbia kutoka ukuta huu mpaka ule.

Mwalimu hakugeuka.

Waya alimpokonya funguo. Kishindo akatoka analia, akamkumbatia mama yake kiunoni, na mwalimu akawa anaongea juu ya kichwa cha mtoto, anauliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo nyumbani, maana darasa alihakikisha liko tupu. Alisema hivyo na mtoto amesimama katikati yao. Alikuwa mwanamke mwema, na hakuwa anatania.

Hapo Waya aliogopa kwa mara ya kwanza. Njia nzima hakuuachia mkono wa mtoto. Walipopita dukani muuza duka akamsalimia yeye peke yake. Jirani akafungua geti apite, akalirudisha usoni kwa Kishindo. Kisichoonwa na simu, sasa na watu hawakukiona.

Akampigia bosi simu, akamsihi azime mitambo yote, aiondoe programu kwenye simu za watu, hasara ataibeba yeye Waya. Akamweleza habari za mtoto. Bosi akamwambia apumzike, kazi imemchosha. Yuleyule aliyekuwa analalamikia kelele za Kishindo akamuuliza kwa huruma kabisa: mtoto gani?

Jumapili mchana mumewe alikuwa chumbani kwa Kishindo na futi ya kupimia. Alikuwa ameweka kisanduku cha spana juu ya kitanda cha mtoto, anapima ukuta. Akasema chumba hiki kimekaa bure miaka yote, atakitia rafu ahifadhie vipuri vya friji. Mwanamume huyu ndiye aliyekuwa akimbeba binti yake mabegani mpaka shingo ikamuuma. Kishindo alikuwa amemshika suruali, anaivuta. Yeye akaikung'uta suruali kwa mkono, bila kuangalia, kama mtu anayefukuza inzi.

"Baba ananitania?" Kishindo akanong'ona.

"Ndiyo, mwanangu. Anakutania."

Akamwambia mumewe, akamlilia, akamtajia siku aliyozaliwa mtoto na mvua iliyonyesha siku ile. Mume akamkumbatia. Akasema wangejaliwa mtoto angefurahi sana. Waya aliogopa ile sauti kuliko angetukanwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayesema kweli.

Bado alikuwa anamwona. Alijipa moyo kwa hilo. Watu wote wakimpoteza, yeye ndiye aliyemzaa, yeye hataweza. Akaitupa simu yake pipani. Akawa anamwita mtoto kila baada ya muda, ilimradi asikie akiitika.

Siku ya pili alipika chakula cha mchana, akapakua sahani mbili, ya kwake na ya mumewe. Akala akashiba. Mumewe akarudi karakana, yeye akaosha vyombo, akapanga, akafuta meza. Nyumba ilikuwa na utulivu mzuri, na kwa mbali mtoto wa watu alikuwa analia. Akajisemea, huyo mama yake yuko wapi. Alipokuwa anajifuta mikono akaona gauni lake limelowa chini, penye goti. Akaligusa. Lilikuwa la moto.

Akainama. Hapakuwa na kitu.

Akaangalia tena. Ukuta. Mguu wa meza. Akatuliza macho pale gauni lilipokuwa linavutika. Akangoja. Polepole, kama kitu kilicho nyuma ya moshi, akaona vidole. Kisha mkono. Kisha uso wa mwanawe, umevimba kwa kulia, sauti imemwishia.

"Mama, na mimi sijala."

Waya alikaa chini sakafuni, akalia kilio ambacho hata mwenyewe hakukijua. Akamlisha kwa mkono wake. Kisha akavua mkanda wa gauni, akafunga mkono wa mtoto na mkono wake pamoja, fundo la nguvu, akafungua kompyuta.

Akakiona alichokuwa hakioni. Nafasi ile aliyoitenga haikubali kuwa tupu. Simu zikiikuta tupu zinadhani zimesahau, zinaulizana, zinaijaza kwa sura ileile ya zamani. Lakini zikiikuta na sura mpya zinaichukua kama habari mpya, zinapeana, na ya zamani inaondoka. Kishindo hawezi kufutwa pale. Anaweza tu kupokelewa zamu, mtu mwingine akae mahali pake.

Akaelekeza kamera ya kompyuta kwenye kiti. Ikakataa, si mtu. Akatafuta picha ya mtu gazetini, akaishika mbele yake, akaitikisa. Ikakataa, haipumui.

Akaibeba kompyuta mpaka dirishani, mtoto anafuata kwa mkanda. Nje mwanamke mmoja asiyemjua alikuwa anapita na mzigo mkubwa wa kuni kichwani. Waya akamweka katikati ya kioo. Mtu kamili, anatembea, anapumua. Kidole kikawa juu ya kitufe. Mwanamke akaona kuna mtu dirishani, akatabasamu, akapunga mkono, akapita zake. Ana watu wake wanaomsubiri mahali.

Waya akairudisha kompyuta mezani. Akakaa mbele yake. Kamera ikamwona, ikamzungushia mstari, ikasubiri.

"Mimi ni nani?" akamuuliza mtoto.

"Mama."

"Sema tena."

"Mama."

"Endelea kusema."

Kishindo akaendelea kusema, akidhani ni mchezo, na katikati ya neno Waya akabonyeza.

Jioni mumewe aliingia, akasimama mlangoni, akamwona binti yake. Akaangusha begi. Alimnyanyua, akambusu kichwani, akamwambia hajui kwa nini leo amemkumbuka hivi. Waya alikuwa amesimama pembeni, karibu kiasi cha kunusa grisi mikononi mwake. Macho ya mumewe yalimpita, yakaenda ukutani, yakarudi kwa mtoto. Ukuta ule aliuangalia vizuri tu.

Kishindo alimwona siku kadhaa. Alimwitikia, akalala kifuani kwake. Kisha akawa anaitika baada ya kuitwa mara nyingi. Kisha akawa anageuza uso upande ambao siyo. Baba yake alimwandalia uji, alimfulia sare, na mtoto alikuwa anakua, anakimbia, nyumba nzima inatikisika. Waya hakuondoka. Aende wapi?

Asubuhi moja ya shule, baba alimkuta binti yake amekaa kitandani, usingizi bado umo machoni, nywele zimesukwa mistari myembamba iliyonyooka, kazi ya mtu anayejua. Jana alilala nazo timtim. Akamuuliza nani amemsuka. Kishindo akajigusa kichwa, akasema hajui. Baba akaenda kuangalia milango. Yote ilikuwa imefungwa kwa ndani.

Akarudi na simu, akampiga picha kwa nyuma ili amuulize dada yake kama huu ni ususi wa nani. Akaitazama ile picha. Akaisogeza karibu. Mtoto alikuwa peke yake kitandani, ukuta uko nyuma yake, na msuko mmoja wa mwisho, ambao haujamalizika, ulikuwa umenyooka hewani, umekaza.

Akaishusha simu polepole, akaangalia kichwa cha mtoto.

"Unaumia?" akanong'ona.

"Hapana, baba. Anavuta taratibu."

"Nani?"

Kishindo akafikiri. Alifikiri sana, uso ameukunja, kama anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili.

"Sijui," akasema.

Msuko ukaendelea kusukwa.