Fundo kwenye Gavana

Vipande vya balbu vilitapakaa juu ya meza ya upasuaji, vingine vikiwa vimeganda kwenye damu. Ilikuwa damu ya Ema, binti aliyekuwa akipasuliwa tumbo asubuhi ile taa zilipopasuka zote kwa pamoja. Daktari alimalizia kushona kwa mwanga wa dirisha. Ema alikuwa hai, lakini kwa bahati tu.

Inspekta Manase Mgaya alifika Makambako kutoka Njombe akiwa na matope ya Februari hadi magotini. Hospitali hiyo ya misheni ilikuwa ndogo, na mtuhumiwa alikuwa ameshatiwa pingu: Nahumu, fundi wa jenereta.

"Juzi ulisema nini mbele ya watu?"

"Nilisema siku moja mtaona."

"Tuone nini?"

"Kabureta imejaa uchafu, Bwana Inspekta. Taa zinafifia. Niliomba kuisafisha, nikaambiwa ngoja."

"Na leo asubuhi?"

"Nilitumwa kuleta mafuta."

"Nani alikuona njiani?"

"Mvua tu."

Manase hakucheka. Kwa maneno hayo, hakimu angemfunga kijana huyu bila kusita.

Wakaenda kwenye injini. Mkono wa gavana, kidhibiti mwendo cha injini, ulikuwa umefungwa kwa ukambaa wa mwanzi, usiweze kucheza.

"Mkono huu una kazi gani?"

"Kuituliza injini. Mzigo wa umeme ukizidi, unaifungulia kabureta. Ukipungua, unaibana. Leo nesi Telesia alipozima jiko la kuchemshia vifaa, mzigo ulipungua, na mkono umefungwa. Injini ikakimbia kama kichaa, umeme ukazidi, balbu zikapasuka."

Manase aliinama. Ukambaa ulizungushwa mara mbili, ncha ikachomekwa chini. Alilijua fundo hilo. Baba yake alilifunga kila alfajiri juu ya mianzi, akitundika mbeta, kikopo cha mwanzi cha kukingia ulanzi, pombe ya mianzi: kisu mkono huu, fundo mkono ule.

"Mfungueni pingu," alisema. "Nahumu, itengeneze. Nataka kuona."

Watu wakasogea. Miongoni mwao alikuwapo Mzee Elieza, baba yake Ema, mhudumu wa hospitali na mzee wa kanisa. Hakuna aliyeulaani ulanzi Jumapili kama yeye.

Nahumu aliiosha kabureta kwa petroli, akapuliza vitundu vyake. Alikaza skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta taratibu mpaka ikagota, akairudisha mzunguko mmoja na nusu, akawasha injini na kuiacha ipate moto. Kisha akaigeuza skrubu kidogo kidogo, kichwa kimeinama kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kikohozi cha injini kikaisha. Akaikaza springi ya gavana.

"Dada Telesia, washa jiko!"

Sauti ya injini ilishuka, ikapanda, ikatulia.

"Zima!"

Mwanga wa balbu mpya haukutikisika. Watu wakapiga makofi, na Manase, aliyekuja kukamata, akajikuta naye anapiga.

Manyunyu yakaanza. Manase akachukua kopo la petroli, akampa Elieza, ambaye hakuacha kuutazama ukambaa ule.

"Kamwene, baba," akamsalimu kwa lugha ya kwao. "Nishikie hili, na unifungie ile kamba ya turubai la kufunika injini."

Kopo likiwa mkono wa kushoto, Elieza alifunga kwa mkono wa kulia peke yake. Mizunguko miwili, ncha chini.

Manase aliuweka ukambaa wa mwanzi uliotolewa kwenye gavana kando ya fundo lile.

"Unagema wapi, baba?"

Mzee akaliweka kopo chini.

"Bondeni, nyuma ya shamba," Elieza alisema. "Ni mimi. Taa zilififia, na mwanangu yuko chini ya kisu. Nilikuwa nimemwona Nahumu akiusukuma mkono ule kwa kidole, mwanga ukapanda. Nikausukuma. Nikaogopa kidole kitachoka, nikafunga. Nilitaka Ema apate mwanga."

"Na mwenzako alipotiwa pingu?"

"Jela sikuiogopa, mwanangu. Niliogopa fundo. Mtu akilitambua, angejua nagema ulanzi, nami ningetengwa na Meza ya Bwana mbele ya watu niliowahubiria." Akamgeukia Nahumu, machozi yakimtoka. "Nikakuacha uangamie kwa sababu ya mbeta. Nisamehe."

Akanyoosha mikono apokee pingu.

"Uharibifu utaujibu bomani," Manase alisema polepole. "Nitaeleza nia yako ilikuwa nini. Kanisani utasema mwenyewe."

"Nitasema."

Nahumu alikuwa akijisugua vifundo vya mikono, mahali pingu zilipobana.

"Bwana Inspekta, nesi anasema Ema ameamka, anamwita baba yake. Mwache kwanza aingie."

Manase akazirudisha pingu mkobani. Elieza akaingia wodini. Telesia aliwasha jiko tena. Injini ikalemewa kidogo, ikajishika, na mwanga juu ya kitanda cha Ema haukufifia.