Vijiko Vinne vya Hakimu

Asubuhi za nyumbani kwetu zilikuwa na harufu mbili: mkate wa moto na farasi. Baba alikuwa mwokaji. Tanuri lake lilikuwa upande mmoja wa ua, na banda la Hakimu upande wa pili. Mama ndiye aliyeendesha gari la farasi, akipeleka mikate duka hadi duka kabla sijamaliza kuvaa sare za shule. Miaka mingi imepita, lakini hadi leo nikisikia kwato zikigonga lami, hugeuka kutazama.

Hakimu alikuwa farasi mrefu wa rangi ya kahawia. Akikukazia macho ulijiona kama mshtakiwa, ndiyo maana baba akampa jina hilo. Kumbe moyo wake ulikuwa laini kama unga. Nilipokuwa mdogo nilijificha katikati ya miguu yake tukicheza, naye hakuthubutu kuinua hata ukwato mmoja.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na miwili, tairi la lori lilipasuka hatua chache kutoka alipokuwa. Hakimu alikurupuka, gari likapinduka, mikate ikatapakaa barabarani. Mama alichubuka kiwiko tu, lakini Hakimu hakuwa tena yule tuliyemjua. Sufuria ikianguka, anatetemeka. Mlango ukibamizwa, jasho linamtiririka. Akiiona barabara, anarudi kinyumenyume.

"Dada, huyu amekwisha," mjomba alimwambia mama. "Muuzeni kabla hajaua mtu."

"Mtu hauzi wa nyumbani kwake," mama akamjibu.

Akamwita daktari wa mifugo, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Daktari Mabuti. Mvua iwepo isiwepo, alivaa mabuti ya mpira yaliyomfika magotini. Alimpima Hakimu taratibu, kisha akatoa kopo kwenye mkoba wake.

"Hii ni mitishamba, mizizi na maua yaliyokaushwa," alisema. "Kijiko kimoja kwenye pumba zake kila asubuhi, basi. Si uchawi. Itampunguzia hofu kidogo ili aweze kufundishika. Kazi yenyewe ni yenu."

"Kazi gani, daktari?" mama aliuliza.

"Kumtembeza kila jioni. Leo hadi getini. Akitulia, kesho mnaongeza hatua kumi. Polepole, bila kumlazimisha. Nani hapa ana subira?"

Mama alinishika bega. "Huyu binti yangu."

Nilivimba kichwa. Wiki ya kwanza nilimtoa Hakimu kila jioni, nikimwimbia ili asiogope. Lakini hatukufika hata getini. Wiki ya pili rafiki yangu wa jirani akaja na kamba ya kuruka.

"Njoo kidogo tu!" aliniita.

Hicho kidogo kikawa jioni nzima. Niliporudi, mama aliniuliza, "Mmefika wapi leo?"

"Hadi ile gereji ya barabarani, mama."

"Ametulia?"

"Kama maji mtungini."

Uongo wa kwanza ulinikwama kooni. Wa pili uliteleza wenyewe. Mama alifurahi mno, akamsimulia baba, naye baba akanichagulia mkate wa kwanza kutoka tanurini. Ulikuwa mtamu, lakini kuumeza ilikuwa kazi.

Ijumaa moja mama akasema, "Kesho mjomba wako anakuja. Tutamwonyesha Hakimu akipita mbele ya gereji na kelele zake zote. Akijionea mwenyewe, atanyamaza."

Asubuhi yake niliomba nimlishe Hakimu mimi. Nikajiambia, kama kijiko kimoja kinatuliza, vinne vitatuliza zaidi. Nikavichota, nikakoroga pumba, nikarudisha kopo mahali pake.

Mjomba alipofika, Hakimu alikuwa ameinamisha kichwa karibu na ardhi. Mdomo wa chini ulining'inia. Alijaribu kutembea, miguu ikapishana, akaegemea ukuta wa banda na kuanguka juu ya nyasi kavu.

Baba alikimbia kumwita daktari, naye akafika kwa pikipiki. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye ubavu wa Hakimu.

"Amekula nini?"

"Pumba zake na kijiko chake cha dawa," mama alijibu. "Kama kawaida."

"Huenda ni msokoto wa tumbo. Nitamchoma sindano ya kumpunguzia maumivu na kumlegeza."

Alianza kuvuta dawa kwenye sindano. Nilijua nikifungua mdomo, uongo wangu wote utatoka pamoja. Nikamtazama Hakimu. Jicho lake lilikuwa nusu wazi, limefifia.

"Usimchome, daktari!" nilipiga kelele. "Nimempa vijiko vinne!"

Daktari aliishusha sindano. "Na matembezi je?"

"Sijamtoa tangu wiki ile ya kwanza," nilisema huku nikilia. "Gereji hajawahi kuiona."

Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ningemchoma juu ya dawa yote hiyo," daktari alisema, "pengine moyo wake usingehimili. Asile kitu. Mwekeeni maji karibu, na mtu asibanduke hapa."

Sikubanduka. Nilimpapasa shingo mpaka viganja vikaniuma. Alasiri Hakimu aliinua kichwa, akanipulizia pumzi ya moto mkononi, akasimama. Kisha akaangusha rundo kubwa la kinyesi. Baba alilishangilia kama goli la ushindi, hata mjomba akacheka.

"Haya," mjomba alisema. "Mpeni muda."

Jioni ile mama aliniambia maneno machache tu: "Kuanzia leo dawa napima mimi. Kamba unashika wewe, na mimi natembea nyuma yenu."

Siku ya nne tulifika getini. Wiki ya sita tulifika gereji, na mafundi walikubali kugonga vyuma kwa upole hadi Hakimu alipozoea. Daktari akapunguza mitishamba kidogo kidogo, kisha akaikomesha kabisa.

Asubuhi Hakimu aliporudi kazini, niliketi kando ya mama, mikate ikifuka mvuke nyuma yetu. Daktari Mabuti alitusimamisha njiani.

"Binti, nini kimemponya?"

"Dawa, daktari?"

"Dawa imemsaidia, kwa kipimo chake. Ukizidisha, hata majani yanaweza kuua. Lakini kazi ya jioni zote zile hakuna kopo linaloweza kuifanya kwa niaba yako. Na siku ile, mwanangu, ulikuwa umekosa sana, lakini ukasema kweli kabla sijamchoma sindano. Ndiyo maana yuko hai. Ukikosea, sema mapema."

"Nimesikia, daktari."

Mama alinitazama, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akaniwekea hatamu mikononi.

"Twende basi," alisema. "Mikate inapoa."