Kijikasha cha Agnola Kilivyorudishwa

Maneno ya Lapa, mfua nguo, yalimganda Piera kichwani: eti Niccola, mchumba wa binti yake Agnola, kamficha mwanamke mjamzito kwenye nyumba nyuma ya kanisa.

"Nimemwona kwa macho yangu akimpelekea mkate!"

Siku ya tatu Piera akashindwa kuvumilia. Agnola alipokwenda misa, akachukua kijikasha cha uchumba, kile chenye nakshi za dhahabu alicholeta Niccola na pete ndani, akampa mtumishi.

"Mpelekee Niccola. Mwambie Agnola amekirudisha."

Kwao Siena, kijikasha kikirudi, uchumba umekufa.

Agnola alipofika nyumbani, akauliza:

"Mama, kijikasha changu kiko wapi?"

"Niccola katuma mtu kukichukua. Msahau, mwanangu."

Siku mbili binti hakula. Kila kwikwi ilimchoma Piera, naye akajifariji kwamba bora alie leo kuliko aolewe na mhuni.

Jumapili mchana mlango ukagongwa. Ni Niccola, kijikasha kwapani.

"Agnola, nimekukosea nini hata unirudishie zawadi kama nguo chafu?"

"Mimi? Si wewe uliyetuma mtu akichukue? Huna haya!"

"Nimtume nani? Mtumishi wenu ndiye aliyekileta, akasema umenikataa!"

Wote wakamgeukia Piera.

"Ni mimi," akasema. "Niliambiwa una mwanamke mjamzito kule nyuma ya kanisa."

"Yule ni mjane wa kaka yangu aliyefia Pisa! Amekuja juzijuzi tu, hana pa kwenda. Si ungeniuliza, mama?"

"Nisamehe, baba."

Niccola akamgeukia Agnola.

"Bado unanitaka?"

"Nakutaka. Lete hicho kijikasha. Na siku ukinidanganya kweli, nitakupasua nacho kichwa!"

Wakacheka huku wanalia. Piera akanyoosha mkono amfute binti yake machozi. Agnola akarudi nyuma.

"Harusini uje, mama. Lakini kunipamba, atanipamba shangazi."

Siku ya harusi Piera alisimama nje ya mlango, mikono haina kazi, akiwasikia ndani wakimsuka mwanawe nywele.

Mama wenzangu, haya tuyaepuke:

Usibebe neno la jirani kabla ya kumuuliza mwenyewe.

Usiguse zawadi ya uchumba ya mwanao.

Usitume ujumbe kwa jina lake.

Na usimwache alie wakati ukweli unaujua wewe. Hilo ndilo baya kuliko yote.