Mke wa Joachim Kwenye Kompyuta

"Huyu bwana ana mke tayari," alisema yule dada wa kaunta ya kituo cha polisi, akakigeuza kioo cha kompyuta kituelekee.

Nikacheka. Nikamwambia atazame tena, labda amefungua faili la mtu mwingine. Aliweka tu kidole kwenye kioo. Laopo. Mke. Hilo ni neno ambalo kila mfanyabiashara wa Guangzhou analijua, maana wauza nguo wote huwauliza wanaume, hii umnunulie laopo wako? Na pembeni ya neno hilo kulikuwa na jina kwa herufi zetu kabisa: YUSTINA.

"Joachim," nikasema, "Yustina ni nani?"

Joachim akatazama viatu vyake.

"Nimekuuliza."

"Dai, twende nje."

"Nje kuna nini? Nijibu hapahapa, kompyuta nayo isikie."

Watu kwenye foleni wakageuka. Waliokuwa hawajui Kiswahili walielewa vizuri tu.

Ngoja niwaeleze tulifikaje pale. Ilikuwa mwaka 2009. Serikali ya Wachina ilikuwa na mpango wake wa nchi nzima wa kuifanya miji iwe ya kidijitali: kamera kila kona, kadi za milango, na majina ya wapangaji wote kuingizwa kwenye kompyuta moja. Zamani kila kituo cha polisi kilikuwa na daftari lake, na daftari la huku halikujua la kule limeandika nini. Sisi Watanzania tuliishi humohumo. Wenye nyumba wengi walitaka mpangaji awe na familia, basi mtu anamwandikisha mwenzake kama mke, au mume, maisha yanaenda. Hakuna aliyeona ni uongo, tuliita kusaidiana. Na mwaka huo msako wa wasio na viza ulikuwa mkali. Pale mtaa wa Guangyuan Xilu ungeona mtu anatupa furushi la nguo na kukimbia kwa sababu tu kofia ya polisi imechungulia kona.

Mimi na Joachim tulikuwa wachumba. Mimi wa Mbeya, napeleka nguo za kike soko la Mwanjelwa. Yeye wa Mbinga, anapakia makontena. Tulipata chumba kizuri, mwenye nyumba akasema anataka mke na mume, nasi tukaenda kituoni kujiita mke na mume. Kumbe wenzangu, nafasi ilishajazwa.

Yule dada alichapa karatasi, akaigonga muhuri, akanikabidhi mimi. Nadhani aliona nani pale ana miguu ya kusimama. Akaeleza: mimi siwezi kuandikwa mke mpaka jina la kwanza lifutwe. Waende wote wawili, mume na mke, kwenye kituo cha Xintang ndani ya siku saba. Wasipokwenda, polisi wenyewe watafika kwenye nyumba kuhakiki. Anwani ilikuwa kwenye karatasi.

Hapo ndipo Joachim alipobadilika rangi.

Nje nikamwekea mguu njiani.

"Sema sasa."

"Siyo unavyofikiri."

"Sijafikiri bado. Nikianza kufikiri utajuta."

"Dai, nimeahidi kutosema. Kuna mtu atapata matatizo makubwa."

"Na mimi je? Mimi si mtu?"

"Nikikwambia wewe, nimeliambia soko zima," akasema taratibu. "Unajijua. Ulisimulia viza ya Thomas saluni, kesho yake Thomas akahama mtaa."

Iliniuma, wallahi, mimi Mmoravian nikaapa. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini mwanamke aliyeonyeshwa mke mwenzie na polisi hana nafasi ya kutubu.

"Baba yangu alikuwa na haki," nikamwambia. "Mwaka mzima anasema posa haiji kwa simu, ije na mtu mzima wa kwenu. Wewe unajibu huna mzazi, huna shangazi. Kumbe nyumba unayo kamili."

Nikaondoka. Jioni akatuma ujumbe: "Dai nakupenda. Nipe siku mbili nimtoe pale kwanza." Nikausoma mara tano. Nimtoe. Nikamjibu: "Mhamishe tu, hata kanisani mkafunge ndoa, suti nitakuazima." Halafu nikalia mpaka mto ukalowa.

Asubuhi nikapanda basi la Xintang na karatasi yangu mkononi.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa karakana za jinzi. Milangoni wanawake wamekaa kwenye vigoda wanakata nyuzi za suruali, maji ya mfereji ni ya bluu. Nikakuta namba ya nyumba, nikaanza kupanda ngazi huku naongea peke yangu kwa sauti. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu kwenye basi, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Nilimpigia hesabu msichana wa miaka ishirini na mbili, mweupe, wa kucha ndefu.

Nikagonga. Mlango ukafunguka.

Alisimama mama wa miaka sitini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi, kitenge kiunoni, mkasi wa nyuzi mkononi.

"Shikamoo," nikasema.

Sikukusudia. Ilitoka yenyewe, na ikishatoka ugomvi unauanzia wapi?

"Marahaba mwanangu. Wewe ni Dainess."

"Umenijuaje, mama?"

"Joachim aliniambia mchumba wake huanza kusikika kabla hajaonekana. Nimekusikia tangu ghorofa ya kwanza. Ingia, usimwage maneno yote mlangoni."

Nikaingia, nikakaa juu ya rundo la suruali. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la umeme na rozari ukutani. Dirisha limezibwa gazeti.

"Mama, mimi nimeambiwa wewe ni mke wa Joachim."

Akacheka mpaka akavua miwani.

"Ndivyo ilivyoandikwa? Masikini, mtoto wa watu."

Akanisimulia huku mkasi unaendelea. Joachim alipofika China hakuwa na pa kulala. Mama Yustina, mfanyabiashara wa jinzi kutoka Songea, alimlaza kwenye chumba chake miezi mitatu, akamfundisha kupakia kontena na kukataa bei. Baadaye mwenye nyumba hii hakutaka mwanamke anayeishi peke yake. Joachim akaenda naye kituoni. Kumwandika kama mama yake kulihitaji cheti. Kumwandika kama mke hakukuhitaji kitu.

"Mzee wa daftari alinitazama, akamtazama Joachim, akacheka, akagonga muhuri," alisema. "Wakati huo viza yangu ilikuwa nzima. Halafu nikampa wakala pasipoti anipelekee kuongeza muda. Mpaka leo."

"Alikimbia nayo?"

"Hata simu haiiti. Huu mwaka wa pili. Joachim ananiletea chakula na kazi ya nyuzi. Akisema ukweli kule, wananikuta. Ndiyo maana alifunga mdomo."

Nikamwonyesha karatasi. Nikamsomea siku saba. Mkasi ukasimama.

"Kwa hiyo watakuja tu," akasema.

"Watakuja, mama. Joachim anataka kukuhamisha."

"Kunipeleka wapi? Kila nyumba sasa ina kadi, na njia zote zina kamera. Tangu waweke kamera kanisani sijakwenda. Misa naisali hapa, naimba kwa kunong'ona." Akaweka mkasi chini. "Mwanangu, mimi siogopi kurudi nyumbani. Naogopa kile chumba watakachoniingiza, nianze kuulizwa Kichina nishindwe kujibu."

Hapo nikajikuta nimemshika mkono. Nilikuja kumng'oa nywele, na sasa nilitamani kumbeba. Na aibu ilinijaa, maana jana na mimi nilisimama kwenye kaunta kuandikisha uongo uleule, tofauti ni kwamba wangu ulichelewa.

"Mama, twende wenyewe kabla hawajaja. Anayejipeleka hachukuliwi sawa na anayekamatwa."

"Nani ataniongelea?"

"Mimi. Mdomo huu umeharibu mengi, acha siku moja ufanye kazi."

Nikampigia Joachim.

"Uko wapi?" akauliza.

"Nipo kwa mkeo."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Dai, tafadhali usimfokee. Yule ni kama mama yangu."

"Ungeniambia hivyo jana, nisingelowesha mto. Vaa shati safi uje Xintang. Tunakwenda kituoni."

"Watamfunga."

"Labda. Wakija wenyewe watamfunga bila labda. Yeye mwenyewe ameamua."

Alifika amevaa shati bila kupiga pasi. Alinitazama kama mtu asiyejua apige magoti au akimbie. Nikamfunga kifungo cha juu, tukaenda.

Pale kituoni niliongea saa tatu. Niliongea Kichina cha bei, Kiingereza cha kuokoteza, na kilipoisha nikaongea kwa mikono. Nilieleza wakala, nikaeleza pasipoti, nikaeleza kwamba huyu si mke, ni mama aliyempa kijana pa kulala, na kwao Songea mtu wa namna hiyo ni mzazi. Afisa mmoja alijaribu kunikatiza mara mbili, ya tatu akaniletea maji. Joachim akakiri kwamba aliandikisha uongo. Wote wawili walitozwa faini, na jina likafutwa. Mama Yustina hakulala ndani. Alipewa siku kumi apate hati ya safari ubalozini na kuondoka.

Nje ya kituo alisimama chini ya kamera, akaitazama juu, akaipungia mkono. Kisha akatuomba tumpeleke kanisani mjini, na siku hiyo aliimba kwa sauti yake yote.

Joachim aliniambia kwenye ngazi za kanisa:

"Nisamehe. Nilikuficha kwa sababu nilikuona una mdomo."

"Ninao."

"Nilisahau kwamba una moyo pia."

"Siku nyingine anzia hapo," nikasema, na nikamwacha anishike mkono.

Wiki iliyofuata, mama akiwa ameshasafiri, tulirudi kwa yule dada wa kaunta. Akabonyeza, akasubiri, akatabasamu. Kioo kilikuwa safi.

"Laopo?" akauliza, kidole tayari.

Joachim akanitazama.

"Hapana," nikasema. "Bado. Andika mchumba."

"Mchumba haipo kwenye kompyuta."

"Basi niandike peke yangu, chumba changu. Yeye atatafuta chake. Nikirudi na cheti cha ndoa utaandika."

Tukakosa kile chumba kizuri. Nilipanga kachumba ka pembeni, bafu hata kugeuka huwezi, lakini jina langu humo lilikuwa la kweli.

Siku mbili baadaye nilikuwa soko la Shisanhang nabishania magauni, simu ikalia. Ujumbe kutoka Tanzania:

"Dainess mwanangu, badala ya kwenda Songea moja kwa moja nimeshukia Mbeya. Niko sebuleni kwa baba yako. Nilijitambulisha kuwa ni mke wa zamani wa Joachim, mama yako karibu azimie. Nikawaeleza yote, baba yako kacheka mpaka kakohoa. Amesema mtu mzima wa kwao amefika. Posa imepokelewa. Na mimi leo nampa Joachim talaka, mchukue."

Nikampigia Joachim.

"Haloo? Dai? Mbona husemi?"

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Muuza magauni akaniuliza kama naumwa.

"Dai, umenyamaza. Wewe? Kuna nini?"

Nikakaa juu ya furushi langu, nikamsomea ujumbe neno kwa neno. Nilipofika kwenye talaka, alikuwa analia.