Perrine Hakufa, Gonzague

"Mwanamke wa kweli hujitoa!" Gonzague alikipiga kitabu kofi. "Perrine alikubali kukatwa kichwa kwa ajili ya mumewe. Wewe unashindwa kuacha tramu tu!"

Alisema hivyo mbele za watu.

Huyo ndiye mchumba wangu wa miaka mitatu. Kapata cheo mji wa Lille, anataka niache kuendesha tramu, treni ya mitaani, hapa Nantes, kazi niliyoipigania miaka sita, nikampikie wageni wake. Barua ya kuacha kazi kaniandikia mwenyewe. Ilikuwa mkobani mwangu, ikingoja sahihi tu.

Tulikuwa kwa Bi Odile, mwalimu mstaafu. Jumapili moja kila mwezi tunakutana kwake, tunajadili kitabu kwa chapati za maji na sida, ile pombe ya tufaha. Safari hii ilikuwa ile riwaya nene ya enzi za Mapinduzi ya Ufaransa, ambayo kila mtu hapa anadai kaisoma. Perrine anabeba kesi ya mumewe, mchapishaji wa makaratasi ya siri.

"Mimi pale gerezani nililia," alisema Yannig, fundi bomba.

Gonzague akachekea puani. "Fundi bomba analia! Kaka, hiki si kitabu cha kulilia, ni cha kutafakari. Nakala hii ni ya babu yangu, toleo la kwanza. Sisi kwetu tumekulia humu."

Yannig akainamisha kichwa. Aibu niliiona mimi.

"Na kifo chake umekionaje, baba?" Bi Odile aliuliza kwa upole.

"Kinasisimua! Anapanda jukwaani anatabasamu, anataja jina la mumewe."

Mtu mmoja akapaliwa na sida.

"Perrine hakufa, Gonzague," nikasema.

"Nini?"

"Akiwa ndani anajua mumewe kaoa mwingine. Anawaambia mahakimu ukweli, anatoka zake."

"Mpenzi, wewe umesoma muhtasari wa watoto wa shule."

"Basi tusomee sura ya mwisho," alisema Yannig.

Gonzague akajaribu kukifungua mwishoni. Hakikufunguka!

Vitabu vya zamani vilitoka kiwandani kurasa zimeshikana ukingoni, msomaji anazikata kwa kisu kadiri anavyosoma. Za Gonzague zilikatwa hadi ukurasa wa thelathini na mbili. Zilizobaki hazikuwahi kuona mwanga. Kumbe hata huyo babu!

Bi Odile akaleta kisu cha jikoni. "Kata taratibu, baba. Tunasubiri."

"Nilisoma nakala nyingine! Nikiwa chuo!"

"Na humo pia alikufa?" nikauliza.

Wakaangua kicheko. Gonzague akabeba koti lake, akanivuta mkono hadi mlangoni.

"Umeniaibisha mbele ya fundi bomba!"

"Umejiaibisha mwenyewe."

"Hebu tia sahihi, niipeleke barua posta."

"Yaani bado unaitaka?"

"Enora, kile ni kitabu tu!"

"Kitabu tu? Mwezi mzima umenipigia nacho kelele! Nikisita kidogo, Perrine. Nikilia, Perrine. Nikajiona mimi ndiye sina moyo, nikakuomba na msamaha, mjinga mimi! Kumbe hata humjui."

"Nakupenda."

"Unapenda mtu wa kukubebea mizigo."

Nikaichana barua vipande vinne, nikamtilia mfukoni mwa koti.

"Lille kwema," nikamwambia, nikarudi ndani kumalizia chapati yangu. Yannig akanimiminia sida bila kuuliza kitu.

Jumanne asubuhi niko kazini, simu ikalia. Ujumbe:

"Nimefika ukurasa wa mia mbili. Kumbe mume ni mshenzi kiasi hiki! Nimejifunza. Nisamehe, twende wote Lille. Barua nimeiandika upya, nzuri zaidi."

Nikasoma mara mbili. Ama kweli, sikio la kufa!

Nikamjibu: "Malizia kitabu."

Kisha nikambloku, nikafunga milango ya tramu, nikaondoka na abiria wangu.