Mkono wa Chini ya Daraja

Taulo lilikuwa limelowa, na siku hiyo hakuna aliyeoga. Mke wa Kambare alilikamua, akalinusa, akalirudisha kambani. Lilinuka tope la mto.

Mumewe alikuwa mzamiaji wa kikosi cha uokoaji. Wenzake walimwita Kambare kwa sababu kwenye maji machafu alikuwa akiona kwa vidole, na kwa sababu, walivyomtania, masharubu alikuwa nayo tayari. Miezi minne nyuma basi lilitumbukia mtoni kutoka darajani. Kambare alizamia mara kumi na mbili, akatoa watu kumi na mmoja, wote maiti. Tangu hapo alijipangusa kwa kitambaa tu, amesimama, mlango wa bafu wazi.

Kikosi kilimpeleka kwa mshauri wa hospitali, mama mpole mwenye daftari. Alhamisi tatu mfululizo alimjibu, "Nalala vizuri." Ya nne hakwenda.

"Mimi nilianza kupona siku nilipoacha kumdanganya yule mama," dereva wa boti ya kikosi alimwambia.

"Kila mtu na kichwa chake," Kambare akasema, akaendelea kujaza mitungi ya hewa.

Kisha zikaja sauti. Zilikuja mchana, akitoka zamu na kujilaza: kiganja kikipiga kioo, polepole, kama cha mtu aliyechoka. Alifungua dirisha, hakuona mtu. Alipolifunga, kioo kilikuwa na alama ya kiganja, kwa ndani.

"Unasikia?" alimnong'oneza mkewe.

"Wiki ya pili sasa," mkewe akajibu. "Nilidhani nikinyamaza kitachoka."

Hakikuchoka. Siku moja jua likiwa la utosi, Kambare alimkuta binti yao wa miaka saba ameinama kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, mkono umezama hadi begani, shavu limelalia ukingo, na alipomuuliza anatafuta nini mtoto alisema kwa sauti ndogo, "Baba, kuna mtu amenishika," ndipo akamkumbatia kiunoni na kumvuta, na kilichokuwa pipani nacho kikavuta, na maji yale aliyoyachota mwenyewe asubuhi yakageuka meusi na kunuka tope na dizeli, mtoto akilia bila sauti, mpaka Kambare akalipiga pipa teke likapinduka, maji yakamwagika, na ndani hamkuwa na kitu. Kwenye kifundo cha mkono wa mtoto palibaki alama za vidole vitano vya mtu mzima.

Jioni ile mkewe alimwita mkunga mmoja mstaafu aliyejulikana kwa kutoa majini na mapepo. Bibi yule hakuja na makeke. Aliomba beseni la maji, akamwambia Kambare atie mkono, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Mkono wa Kambare ukakakamaa, na kinywa chake kikasema kwa sauti isiyo yake:

"Alinifungulia mwenyewe."

"Mlango gani?" bibi akauliza.

"Ule anaoufunga kwa uongo."

Bibi akamtazama Kambare machoni. "Huyu si maiti, mwanangu. Ni jini wa mto. Alikuwepo siku ile, akaona unachokificha. Kiseme."

Maji yalimpanda kooni. Kambare alitapika tope, mara mbili, mkewe akimshika mabega, ndipo maneno yakapata njia.

"Yule wa mwisho alikuwa hai. Kijana, kiti cha nyuma, hewa kidogo imebaki juu ya kichwa chake. Alinishika mkono. Mtungi wangu ulikuwa umebakiza hewa ya kupanda tu. Nikambandua vidole, kimoja kimoja. Niliporudi alikuwa ameshakufa. Baba yake nikamwambia alikufa papo hapo."

Beseni likapasuka. Maji yakapita chini ya mlango, yakatoka nje kama yanayojua yanakokwenda. Mkewe hakumwachia mabega.

"Amekutoka," bibi akasema akijifuta jasho, "ila bado yuko njiani, anatafuta mlango mwingine. Alhamisi rudi kwa yule mama wa hospitali, umwambie yote. Yeye kasomea kuyabeba. Lakini usimpelekee mfiwa neno hili akiwa peke yake. Ngoja apate mtu wa kukaa naye."

Kambare aliitikia. Lakini mtu aliyetua mzigo nusu hutamani kuutua wote. Kesho yake asubuhi, bila kumwambia mtu, alikwenda kwa baba wa marehemu, mzee mjane aliyeishi chumba kimoja nyuma ya karakana. Alisimama mlangoni, akasema yote kwa pumzi moja. Mzee alisikiliza akiwa ameshika kikombe.

"Alisema nini?"

"Chini ya maji mtu hasemi, baba."

"Alikushika kwa nguvu?"

Kambare akashindwa kudanganya. "Kwa nguvu."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Miezi minne nilikuwa nalala kwa sababu yako," akasema. "Sasa umekuja kulala wewe." Akafunga mlango.

Na kweli Kambare alilala. Alilala mchana ule kama mtoto aliyeshiba, na siku iliyofuata vilevile, mpaka akaona aibu kuamka.

Jumatano, bado siku moja aende hospitali, mkuu wa kikosi alipiga simu.

"Kuna mzee ameingia mtoni, pale chini ya daraja. Maji yamemfika kifuani. Vijana wangu wawili wamejaribu kumtoa, amewashinda nguvu."

"Mzee gani?"

"Yule mjane wa nyuma ya karakana. Umri wa baba yangu, lakini ana nguvu za watu kumi." Mkuu akashusha sauti. "Hapigi kelele. Anacheka tu, kwa sauti mbili. Anasema uje uchukue chako."

Mkewe alitokea jikoni. "Nani huyo?"

Kambare alikuwa tayari anavaa viatu. Alimtazama, akafungua kinywa kusema ni kazi tu, kisha akakaa chini kwenye kiti, viatu havijafungwa, akamwambia ukweli, kuanzia asubuhi ile mlangoni kwa mzee.